Fundi Anayekaa Kimya

Mezani kuna kompyuta moja, na mbele yake viti viwili. Kwenye kiti cha kwanza amekaa mama anayetafuta zawadi ya mtoto mchanga wa mdogo wake katika duka la mtandaoni ambalo amelizoea. Kiti cha pili kimesogezwa nyuma kidogo, na aliyekikalia ana daftari mkononi. Mama anabofya, anasita, anarudi alikotoka, anabofya tena. Anasema kwa sauti yale anayoyawaza: "Vitabu tena... Leo sitaki vitabu. Mbona wananiletea vitabu tu?" Mwenye daftari anajua kitufe anachokitafuta mama kilipo. Angeweza kunyoosha kidole, safari ikaisha hapo hapo. Hanyooshi. Anaandika saa, anaandika neno lililomkwaza mama, kisha anaendelea kutazama.

Kimya hicho ndicho kazi yenyewe. Aliyekaa nyuma ni mtathmini wa urahisi wa matumizi, mtu ambaye riziki yake ni kujua kama tovuti inatumika bila kumtesa anayeitumia. Angemsaidia mama, mama angeondoka na zawadi yake na tovuti ingebaki na ugonjwa wake. Basi huvumilia. Wanaojua kuzungumza na kompyuta wamekuwa wengi. Wanaojua kumtazama binadamu mwenzao akipotea njia, bila kumcheka na bila kumwokoa, ni wachache, na ufundi wao unastahili sifa.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtengenezaji wa tovuti amekichonga kitanda, amekipiga msasa na kukipaka vanishi, lakini usiku hakukilalia. Ndiyo maana fundi huyu, akitaka habari za kunguni, humwendea mlalaji.

Ufundi wenyewe una umri mkubwa kuliko intaneti. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa tayari chini wanakunja magurudumu, ndege inalala kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo zilikaa ubavu kwa ubavu na zilifanana. Rubani aliyechoka, macho yakiwa nje, alishika moja akidhani ameshika nyingine. Chapanis hakudai marubani wapya wala hakuongeza masomo darasani. Swichi moja aliipa kichwa cha mpira chenye umbo la gurudumu, na nyingine umbo la kabari, ili mkono utambue hata gizani.

Tangu hapo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni hiyo: mtu akikosea, kagua kwanza kitu alichopewa.

Zana za fundi ni chache na hazina gharama kubwa. Iliyo kuu ni kumwomba mtu awaze kwa sauti. Mwaka 1980 wanasaikolojia K. Anders Ericsson na Herbert Simon waliandika jinsi maneno ya mtu aliye kazini yanavyoweza kuwa ushahidi wa fikra zake, na mwaka 1982 Clayton Lewis wa IBM akaeleza namna ya kuitumia njia hiyo kupima vifaa vya kompyuta. Zana nyingine ni dodoso. Mwaka 1986 John Brooke, akifanya kazi Digital Equipment Corporation huko Reading, Uingereza, alitunga sentensi 10 ambazo mtumiaji huzikubali au kuzikataa kwa viwango vitano. Sentensi ya kwanza husifu, ya pili hulaumu, na hivyo hivyo hadi mwisho, ili mtu asijibu kwa mazoea. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Brooke alikieleza kipimo chake kuwa cha harakaharaka, na hadi leo bado kinatumika.

Zana ya tatu ilitoka Denmark. Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich walionyesha kuwa wataalamu wachache, kila mmoja akiwa peke yake na orodha fupi ya kanuni, wanaweza kukagua mfumo na kuibua kasoro zake nyingi. Miaka mitatu baadaye Nielsen na Thomas Landauer wakapiga hesabu iliyokuja kupendwa kuliko zote. Kwa wastani, katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja akijaribu kitu hukwaa asilimia 31 ya matatizo yaliyomo. Wa pili hurudia baadhi na kuongeza mapya, wa tatu vivyo hivyo. Ukifika mtu wa tano umeshaona takribani asilimia 85. Habari hiyo ilikuwa faraja kubwa kwa kila mwenye mfuko mwepesi: watu watano, siku moja, chumba kimoja, na kasoro nyingi ziko mezani.

Kisha zikaja tovuti zinazomjua mtu, na hesabu hiyo ikapata mtihani.

Hata jina la tovuti hizo katika Kiswahili lina mtihani. Neno ubinafsishaji lilishachukuliwa: kwa Mtanzania aliyeishi miaka ya 1990, hilo ni kuuzwa kwa mashirika ya umma. Hapa basi zitaitwa tovuti za kupimiwa, kama nguo inayoshonwa kwa fundi cherehani badala ya kuokotwa kwenye rundo la mtumba. Tovuti ya kawaida huonyesha wote ukurasa mmoja. Ya kupimiwa hukumbuka ulichosoma, ulichonunua, ulichokitazama ukakiacha, mji ulipo na lugha ya simu yako, ikakupangia ukurasa ambao huenda jirani yako hatauona kamwe.

Wazo hilo si geni mtaani. Dar es Salaam mwenye duka la uchochoroni, ambaye wateja humwita Mangi hata kama hatoki Kilimanjaro, anajua nani huchukua sukari robo kila jioni, nani sabuni ya aina gani, nani ana deni. Mtoto akitumwa, Mangi hufunga vitu kabla mtoto hajamaliza kusema. Mashine ilihitaji hesabu ili ifike hapo. Mwaka 1992 watafiti wa Xerox huko Palo Alto walieleza mfumo wa Tapestry, ambamo maoni ya wasomaji waliotangulia yaliwasaidia waliofuata kuchuja barua na habari. Mwaka 1994 mradi wa GroupLens, uliokuwa na watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota na MIT, ukaifanya kazi hiyo iende yenyewe kwa kulinganisha wasomaji wenye ladha zinazofanana. Mwaka 2003 Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York wa Amazon wakaeleza njia yao: kulinganisha bidhaa na bidhaa, zile ambazo hununuliwa na mikono ileile, kisha kumpa mteja ndugu za kile alichokwisha kukichukua.

Sasa mrudishe fundi wetu kwenye kiti chake. Amewaita watu watano, nao wameona kurasa tano. Aliyekwama, ukurasa wake huenda ni yeye peke yake aliyeuona. Nielsen mwenyewe, alipoitetea hesabu ya watu watano mwaka 2000, alisema kwamba watumiaji wakiwa wa makundi yaliyo mbalimbali sana ni lazima kila kundi lijaribiwe kwa watu wake, watatu au wanne. Tovuti ya kupimiwa huzidisha makundi. Huzidisha siku pia, kwa sababu ukurasa wa leo si wa mwezi ujao. Akaunti ya kuazima nayo haifai tena. Kumpa mtu akaunti ya majaribio akague mapendekezo yake ni kumvisha koti la mwenzake ukamuuliza kama mabega yamekaa sawa. Lazima aje na akaunti yake na historia yake. Na pengine lazima fundi amfuate nyumbani kwa wiki kadhaa, amwombe aandike kila siku kilichomfaa na kilichomkera.

Siku ya kwanza ya mtumiaji ni sura inayojitegemea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mifumo hii humpa mgeni jembe mlangoni. MovieLens, tovuti ya filamu iliyoanzishwa na kundi la GroupLens mwaka 1997, kwa miaka mingi ilimtaka mgeni atoe alama kwa filamu 15 kabla ya kupendekezewa hata moja. Mtathmini makini hutazama hapo: mgeni analima kwa hiari, au anaaga?

Mabishano kuhusu faida ya kupimiwa ni ya zamani, na yanasisimua kwa sababu pande zote zilikuja na ushahidi. Mwaka 1985 Saul Greenberg na Ian Witten wa Chuo Kikuu cha Calgary walijaribu orodha ya simu inayojipanga upya kufuatana na namba anazopiga mtu mara kwa mara. Watumiaji walizipata namba upesi zaidi kuliko kwenye orodha isiyobadilika. Mwaka 1989 Jeffrey Mitchell na Ben Shneiderman wakapima menyu zinazojipanga hivyo hivyo, wakakuta zile zilizotulia ndizo zilizowaharakisha watu mwanzoni, na ndizo walizozipenda.

Nani mkweli? Wote. Ingia jikoni uelewe. Mpishi anayejua chumvi iko kopo la tatu kutoka dirishani hamuulizi mtu wala hatazami. Mkono unakwenda wenyewe. Akitokea msaidizi mwenye nia njema, akawa anahamisha makopo kila usiku ili yaliyotumika sana yakae mbele, siku ya tatu samaki watatiwa sukari. Lakini ghala la mamia ya magunia, ambalo hakuna mkono unaoweza kulikariri, linamhitaji msaidizi kama huyo. Orodha ndefu ya simu ilikuwa ghala. Menyu fupi ilikuwa jiko. Microsoft ilijifunza hilo mbele ya dunia nzima: Office 2000 ilikuja na menyu zilizoficha amri zisizotumiwa sana, na Office 2007 ikaja na mpangilio mwingine kabisa, ulioziacha menyu hizo nyuma.

Leah Findlater na Joanna McGrenere, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, waliongeza mwaka 2004 jambo ambalo kila mtengenezaji angepaswa kulikumbuka. Walilinganisha menyu za aina tatu: iliyotulia, inayojibadilisha yenyewe, na ile ambayo mtumiaji huibadilisha kwa mkono wake. Iliyotulia iliishinda kwa kasi ile inayojibadilisha yenyewe. Walipoulizwa wanataka ipi, wengi walichagua ile iliyowapa wao funguo.

Ugunduzi wa namna hiyo unadai fundi ajue kutenganisha mambo. Mwaka 2001 Peter Brusilovsky, Charalampos Karagiannidis na Demetrios Sampson walieleza faida ya kutathmini mifumo hii kwa tabaka. Kwa lugha ya cherehani, nguo ikibana kwapani usiseme tu nguo ni mbaya. Uliza kwanza kama utepe ulipima vibaya, kisha uliza kama mkasi ulikata vibaya. Yule mama wa vitabu ni mfano mzuri. Utepe ulipima sawa, kwa kweli anapenda vitabu. Mkasi ndio uliokosea, ukamjazia vitabu ukurasa mzima siku aliyokuja na haja nyingine. Lakini akishanunua nepi na blanketi la mtoto, mashine ikaamua kuwa yeye ni mzazi na kumwandama na vyupa vya maziwa hadi mwaka uishe, hapo mkasi hauna kosa. Utepe ulimpima mtu mwingine. Tiba za magonjwa hayo mawili ni tofauti, na mtathmini asiyeyatenganisha atamtuma mhandisi kurekebisha kisichoharibika.

Wapo walioamini kwamba tatizo lote ni usahihi wa kubashiri. Mwaka 2006 Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 ubashiri wake wa alama ambazo wateja wangezipa filamu. Ilitoa alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000. Timu kutoka nchi mbalimbali zilihangaika karibu miaka mitatu, na Septemba 2009 timu ya BellKor's Pragmatic Chaos ikatwaa zawadi. Mwaka 2012 kampuni ikaeleza hadharani kwamba mchanganyiko ule wa mwisho wa kanuni nyingi haikuutumia: usahihi ulioongezeka haukulingana na kazi ya kuuingiza katika huduma, na wakati huo watu walikuwa wanatazama filamu moja kwa moja mtandaoni, jambo lililoleta maswali mapya. Kubashiri kwamba mtu atatoa nyota nne ni elimu kubwa. Kujua kama Ijumaa usiku, amechoka, ukurasa ule umemsaidia kuchagua ni elimu nyingine, na hiyo hupatikana kwenye kiti cha nyuma.

Mtu hataki tu kubashiriwa. Anataka kujua amebashiriwaje. Mwaka 2000 Jonathan Herlocker, Joseph Konstan na John Riedl waliwaonyesha watumiaji 78 wa MovieLens njia 21 za kueleza kwa nini filamu fulani imependekezwa. Iliyoongoza haikuwa na hesabu ngumu: ni mchoro mwepesi wa nguzo, ukionyesha wenzako wenye ladha kama yako wangapi waliipenda filamu hiyo na wangapi waliichukia. Mwaka huohuo Kristina Höök wa Sweden aliorodhesha mambo ambayo mifumo inayojirekebisha huyahatarisha: mtumiaji aweze kuielewa, aweze kutabiri itakachofanya, awe na mamlaka juu yake, na siri zake zisalimike. Mtathmini wa tovuti ya kupimiwa huyabeba manne hayo pamoja na maswali ya zamani ya kasi na makosa. Tovuti inaweza kumfikisha mama kwenye zawadi kwa mibofyo miwili na bado ikamtia hofu kwa namna ilivyojua habari za mtoto.

Hofu hiyo ina msingi. Data za shindano la Netflix zilitolewa bila majina, lakini mwaka 2008 Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha kuwa alama chache ambazo mtu ameziacha wazi kwingineko zinatosha kumtambua ndani ya rundo lile. Shindano la pili lililokuwa limepangwa likafutwa mwaka 2010. Mangi anajua deni la kila mtu, na heshima yake imesimama kwa kuwa hasomi daftari kwa sauti mbele ya foleni.

Afrika Mashariki ina maswali yake ya kumpelekea fundi huyu. Tovuti ya kupimiwa hudhani kuwa simu moja ni mtu mmoja. Katika nyumba nyingi simu ya baba asubuhi ni ya biashara, mchana iko kwa mtoto anayetafuta majibu ya shule, jioni iko kwa mama anayetazama mitindo ya vitenge. Mashine huchanganya ladha za watatu na kumshonea kanzu mtu asiyekuwapo. Kwenye lugha nako kuna mtego: simu nyingi hutumiwa kwa Kiingereza kwa sababu zilikuja hivyo, na tovuti inayosoma mipangilio ya simu humhesabu mwenye simu kuwa Mwingereza, ingawa tangu alfajiri hajatamka ila Kiswahili. Hakuna rekodi ya mibofyo itakayoyaeleza hayo. Mtu aliyekaa sebuleni akatazama simu ikipita mikono mitatu huyaona siku ya kwanza.

Sheria nazo zimeanza kumuunga mkono mtumiaji. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mwananchi haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika uamuzi wenye athari kubwa kwake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria husema mtumiaji aelezwe. Haisemi kama maelezo yameeleweka. Kitufe cha "Nakubali" kinaweza kutimiza sheria huku mtu hajui asilani alichokikubali. Kupima kama ameelewa ni kazi ya mwenye daftari.

Basi wito huu ni kwa wanaotengeneza tovuti Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura, na mabosi wao wanaoshika mfuko. Kabla ya kuipa tovuti yenu uwezo wa kumpimia mtu, waiteni watu watatu wa kila kundi mnalotaka kulihudumia. Kila mmoja aje na simu yake, akaunti yake na haja yake ya kweli. Mwombeni aseme anachowaza, mkamuulize mwishoni kwa nini anadhani ameonyeshwa alichoonyeshwa. Baada ya mwezi mwiteni tena, muone nguo bado inamkaa. Na siku zote mbili, kaeni kiti cha nyuma, daftari mkononi, mkae kimya mpaka amalize.